Familia ya watu wanane, foleni ya Goba: dizeli au petroli?

#1 Baba Mapacha
Wakuu, salaam. Niende moja kwa moja kwenye mada.

Miaka mitatu iliyopita tulikuwa wanne kwenye gari. Leo tuko wanane: mimi, mama watoto, watoto wanne (wawili wa mwisho walikuja kwa mpigo, jina langu linajieleza), dada wa kazi, na mama yangu mzazi aliyehamia kwetu kutoka Rombo baada ya magoti kuanza kumsumbua. IST yangu imegeuka kichekesho. Jumapili tunakwenda kanisani kwa awamu mbili kama abiria wa kivuko cha Kigamboni.

Nakaa Goba, kazini ni Posta. Foleni ya asubuhi naijua kwa majina. Desemba lazima twende Rombo, hilo halina mjadala nyumbani kwangu. Nimejichanga milioni 50, ushuru humo humo. Macho yako kwenye Alphard ya petroli cc 2400, au Prado au Delica ya dizeli. Shemeji yangu anasema dizeli "inanusa tu mafuta". Jirani yangu anasema dizeli ilimfilisi hadi akauza kiwanja. Wote wawili wanaapa. Nimwamini nani?

#2 Kijana wa Tegeta
Nimevuta kiti, nina karanga. Ila watu wanane na milioni 50, mkuu, wewe tafuta Hiace tu, abiria unao tayari.

#3 Mzee wa Barabara ya Arusha
Dizeli, funga mjadala. Lita moja ya dizeli ina nishati zaidi ya lita ya petroli kwa asilimia 10 hadi 15. Halafu angalia injini inavyofanya kazi kwenye foleni. Ya petroli ikiwa imesimama inanguruma, kile kipepeo cha njia ya hewa kinakuwa kimejibana, injini inavuta hewa kama mtu anayepumua kwa mrija wa soda. Dizeli haibanwi hivyo. Inapunguziwa mafuta tu, hewa inapita. Ndiyo maana ukiwa umekwama Mwenge na kiyoyozi kinapuliza, dizeli inakunywa kiduchu.

Prado yangu ya injini ya 1KZ nina miaka 9 nayo, Dar na Arusha naenda na kurudi. Na bei ya dizeli siku zote iko chini ya petroli. Shemeji yako ana akili, mwambie nampa salamu.

#4 Mama Sinza
Shikamoo mzee wangu, lakini "siku zote" hiyo umeitoa wapi? EWURA, wale wadhibiti wa nishati, wanatangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi. Oktoba 2023 hapa Dar petroli ilikuwa 3,281, dizeli 3,448. Sijasahau kwa sababu nilikuwa na gari la kubeba wanafunzi linalotumia dizeli, na ada ya usafiri nilikuwa nimeshawatangazia wazazi mwezi wa saba. Nilimaliza muhula natabasamu tu.

#5 Mzee wa Barabara ya Arusha
Marahaba. Nimesahihishwa. Weka "mara nyingi".

#6 Mhasibu wa Kimara
Tuache kuapa, tupige hesabu. Goba hadi Posta kwenda na kurudi tuseme kilomita 50. Siku 22 ni 1,100, ongeza mizunguko ya wikiendi ziwe 1,300 kwa mwezi. Alphard ya cc 2400 kwenye foleni naipa kilomita 6.5 kwa lita, hiyo ni lita 200. Dizeli naipa kilomita 9, ni lita 144 na ushee. Tofauti ni kama lita 56. Weka 3,000 kwa lita pande zote ili tusigombane: 168,000 kwa mwezi, milioni 2 na elfu 16 kwa mwaka.

Sasa swali langu kwa Baba Mapacha: Prado ya dizeli imeizidi Alphard kwa milioni ngapi pale unapoinunua? Kama ni kumi, miaka mitano ya mwanzo unalipa deni la kununua gari isiyokula mafuta.

#7 Tozo na Ushuru
Nakazia ya #6, na kuna makosa watu huyafanya kwenye kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato. Ushuru wa bidhaa hauangalii dizeli wala petroli, unaangalia cc. Kuanzia 1,001 hadi 2,000 ni asilimia 5, juu ya hapo ni 10. Alphard ya 2400, Delica ya dizeli ya 2,267 na Prado ya 2,800 zote ziko kapu moja. Noah ya cc 2000 ndiyo inaponea. Kinachoumiza zaidi ni uchakavu: gari ikivuka miaka 8 unaongezewa asilimia 15, ikivuka 10 unaongezewa asilimia 30. Delica za dizeli zilianza kutoka Januari 2013, kwa hiyo zile za mwanzo zimeshavuka mstari.

#8 Kijana wa Tegeta
Kwani Alphard ya dizeli haipo? Nimeona moja Mikocheni inanguruma kama trekta.

#9 Mama Sinza
Haipo mwanangu. Hiyo uliyoiona ilikuwa petroli inayoomba msaada.

#10 Fundi Nozeli
Habari za humu. Niko Gerezani miaka 18. Gerezani ya Kariakoo, msianze.

Baba Mapacha, ukisema "dizeli" lazima useme dizeli ya lini. Injini za zamani kama 1HZ, au 3L na 5L za Hiace, pampu ni chuma na springi. Ukiitilia mafuta mabaya inakohoa, unabadilisha chujio, safari inaendelea. Hizi zilizokuja baadaye, 1KD, 2KD, 1GD na 4N14 ya Delica, mafuta yanakaa kwenye reli moja yenye shinikizo la baa zaidi ya 1,000, nyingine hadi 2,000 na ushee. Tairi la gari lako lina baa mbili na kitu. Kwa shinikizo lile, tone la maji au vumbi la kutu linapita kwenye nozeli, vile vipulizio vya mafuta, kama msasa. Mjini hapa dizeli haziuliwi na kitu kingine, zinauliwa na mafuta. Wanaoweka kwenye madumu, wanaonunua barabarani kwa bei ya kutupa, na wale ambao chujio la maji hawalijui liko upande gani.

Na 1KD ina jambo lake linalojulikana dunia nzima: chini ya nozeli kuna washa za shaba. Zikichoka, gesi chafu inapenya juu, masizi yanaingia kwenye oili, yanashuka hadi kwenye wavu wa kunyonyea oili na kuuziba. Siku hiyo taa ya oili ikiwaka, wewe huna tena injini, una mzigo.

#11 Kijana wa Tegeta
Baa 2,000? Sinza nzima haina.

#12 Mkemia Mstaafu
Fundi, heshima yako, ila hadithi ya mafuta imepitwa na wakati kidogo. Miaka ile ya uchakachuaji ni kweli, mafuta ya taa yalikuwa na ushuru mdogo, watu wakawa wanayamimina kwenye dizeli, na mafuta ya taa hayalainishi pampu. Ndipo vinasaba, alama za kutambua mafuta yaliyochanganywa, vikaanza kuwekwa mwaka 2010, na mwaka 2011 ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa ili faida ya kuchanganya ife. Sisemi uchafu umekwisha. Nasema dizeli ya sheli yenye wateja wengi siyo sumu.

Mimi naona muuaji ni foleni. Dizeli za kisasa zina chujio la masizi kwenye egzosi, DPF. Likijaa, gari lenyewe linalichoma kwa kulipandisha joto hadi nyuzi 600 hivi, na ili lifanikiwe linataka mwendo wa kutulia, robo saa au dakika 20 barabara ikiwa wazi. Sasa mtu wa Goba atatoa wapi dakika 20 za barabara wazi? Saa kumi usiku? Linaanza kujichoma, anafika Makongo anasimama. Linaanza tena, anafika Morocco anazima. Dizeli isiyoungua inateremka kwenye oili, oili inakuwa nyepesi. Ongezea kwamba kiwango cha salfa Afrika Mashariki kiliwekwa sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, wakati Japani, gari lilikotoka, ni 10.

#13 Fundi Nozeli
Mzee wangu nakubali la DPF, lakini 1KD nyingi zinazokuja gereji kwangu hazina hata hiyo DPF na bado zinakufa. Hizo nazo zimeuliwa na foleni?

#14 Dereva wa Mkurugenzi
Naomba niwakorofishe wote wawili. Dizeli zinauliwa na watu waliohamia kutoka IST.

Ofisini kwetu tuna Land Cruiser za dizeli, zinatumia mafuta haya haya na foleni hii hii. Tunabadilisha oili kila kilomita 5,000, chujio la dizeli kila baada ya sevisi mbili, maji ya chini ya chujio tunamwaga kila mwezi. Zipo. Mtu binafsi ananunua dizeli, analetewa bei ya oili lita 7 badala ya zile nne alizozoea, anashtuka, anaweka oili ya petroli iliyokuwa dukani. Akitoka safari ya Morogoro mbio mbio anazima hapo hapo getini, tabo, ile feni ya kusukumia hewa kwenye injini, bado ina moto, oili inakaangika kwenye beringi. Baada ya mwaka anaandika uzi kwamba dizeli haifai Dar.

#15 Mama Sinza
Nimeguswa. Hilo la kuzima getini nimelifanya miaka miwili.

#16 Mtoto wa Bandarini
Wote mnasahau kitu kimoja: gari inafika Dar ikiwa na kilomita ngapi za kweli? Dizeli inapendwa na watu wa safari ndefu, huko Japani nako. Dashibodi inasoma 78,000, usukani umelainika kama sabuni. Mnunuzi analaumu mafuta ya Dar kwa injini iliyochoka kabla haijapanda meli. Ombeni cheti cha kufutiwa usajili Japani, kilomita za ukaguzi zinaandikwa pale. Linganisha.

#17 Mzee wa Barabara ya Arusha
Na kwa nini dizeli kutoka Japani ni chache na ghali, vijana wanajua? Gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, alikuwa anatikisa chupa ya plastiki yenye masizi meusi mbele ya waandishi wa habari. Oktoba 2003 Tokyo na majirani zake wakaanza kuzuia dizeli chafu. Toyota wakaiondoa Prado ya dizeli kwenye soko la kwao, ikarudi 2015 na hii 1GD. Ndiyo maana Prado nyingi za katikati hapo utakazozikuta sokoni ni za petroli cc 2700. Hizo, kijana wangu, usiziguse. Zina uzito wa tembo na moyo wa mbuzi.

#18 Mwenye 2TR
Mzee, 2700 ninayo. Haikimbii, kweli. Inakunywa, kweli. Ila miaka saba nimebadilisha plagi, oili na mikanda tu. Kila mwezi namlipa mwenye sheli, simlipi fundi. Kila mtu achague wa kumlipa.

#19 Fundi Nozeli
Wewe ndiye unayetulaza njaa.

#20 Bajaji ya Gesi
Mnazungumza dizeli na petroli, hapo Ubungo watu wanajaza gesi, iliyokuwa shilingi 1,550 kwa kilo mwaka 2024. Kilo moja ya gesi asilia inakwenda sawa na karibu lita moja na nusu ya petroli. Baba Mapacha, chukua Alphard ya petroli, funga mfumo wa gesi, chuo cha DIT pale wanafunga. Mjini unatembelea gesi, ukivuka Chalinze unabonyeza swichi unarudi kwenye petroli. Dizeli haibadiliki kirahisi hivyo, haina plagi ya kuwasha gesi. Mhasibu apige tena hesabu yake tuone.

#21 Mhasibu wa Kimara
Nimepiga. Lita 200 za petroli ni kama kilo 135 hadi 140 za gesi. Mara 1,550 haifiki 220,000 kwa mwezi. Dizeli lita 144 ni 432,000. Nanyoosha mikono.

#22 Mama Sinza
Mmeweka na saa za kupanga foleni ya gesi nyuma ya bajaji 60? Na mtungi utakaa wapi? Alphard ukifungua siti ya tatu, nyuma panabaki pa kuweka mwavuli. Watu wanane hao, na Rombo hawarudi mikono mitupu. Ndizi ziende kichwani kwa nani?

#23 Fundi Nozeli
Na msidhani kila petroli inafaa gesi. Injini ya 2AZ ya Alphard inapuliza mafuta nje ya silinda, inakubali vizuri. Noah za zamani zenye D-4 zinapuliza ndani ya silinda moja kwa moja, hizo kufunga gesi ni kesi nyingine. Na hiyo 2AZ nayo siyo malaika: zipo za miaka fulani zinazojulikana kwa kula oili, na boliti za silinda hedi hulegea kwenye uzi wake. Maji yakipungua bila sababu, usisubiri.

#24 Jangwani Survivor
Kuna kitu hakijasemwa. Masika. Niliambiwa dizeli haizimiki kwenye maji, nikaingia bonde la Jangwani nikiwa na imani hiyo. Maji yaliingia kwa njia ya hewa. Dizeli inabana hewa kuliko petroli, na maji hayabaniki. Fimbo mbili za pistoni zilipinda kama vijiko. Petroli huenda ingezima ikanidhalilisha tu.

#25 Dereva wa Mkurugenzi
Pole. Lakini hilo siyo kosa la dizeli wala petroli. Ni kosa la kuingia Jangwani.

#26 Mama wa Madale
Jamani nicheke kidogo. Mwaka juzi nilimpa mdogo wangu gari letu la dizeli akaweke mafuta. Kijana wa sheli akamwekea petroli lita 30. Kilichotuokoa ni kwamba mdogo wangu alishangaa bei, akanipigia kabla ya kuwasha. Tukasukuma hadi pembeni, tangi likamwagwa, shughuli ikaisha jioni. Angewasha, fundi aliniambia pampu ingesagika kwa sababu petroli haina ule ulaini. Tangu hapo nimebandika karatasi nyekundu kwenye mfuniko: DIZELI, HATA UKINISHAWISHI.

#27 Kijana wa Tegeta
Petroli zile lita 30 zilikwenda wapi dada?

#28 Mama wa Madale
Alizimwaga fundi. Alikuja na madumu yake. Sasa ndiyo unanifanya nifikirie.

#29 Baba Mapacha
Asanteni sana wakuu, nimesoma yote. Nimezidi kuchanganyikiwa kuliko nilipoanza, ila nimechanganyikiwa kwa takwimu.

Fundi Nozeli na Mkemia, tuseme nachukua Delica ya dizeli na kila Jumamosi naitoa hadi Bagamoyo ili hiyo DPF ijichome. Itatosha?

#30 Mkemia Mstaafu
Inasaidia sana. Ila ukiongeza mafuta ya kwenda Bagamoyo kila wiki, Mhasibu atakurudia.

#31 Fundi Nozeli
Delica ya dizeli ni gari nzuri mlimani, nguvu ya kuvuta ya nyutonimita 360 inaanza kwenye mizunguko 1,500 tu. Alphard ya 2400 ina 224 na unazipata ukiwa umeshapiga kelele hadi 4,000. Watu wanane na ndizi, mlima wa kwenu Rombo utausikia. Na kule juu hewa ni nyepesi, tabo inajazia, isiyo na tabo inapungukiwa. Ila zile za kuanzia 2019 zinataka na AdBlue, kimiminika cha kusafishia moshi. Ikiisha, gari haiwaki. Ulizia kwanza utakuwa unainunua wapi.

#32 Mwalimu wa Haibridi
Hakuna aliyetaja Estima au Alphard ya haibridi? Kwenye foleni injini inazima yenyewe...

#33 Fundi Nozeli
Betri yake ikichoka uje unione. Njoo na mdhamini.

#34 Mama Sinza
Baba Mapacha, umeandika kwenye #1 kwamba mama ana magoti. Komenti 32 zimepita hapo zikizungumza baa na salfa. Prado ile atapandaje?

#35 Baba Mapacha
Dada Sinza, kesho nampeleka yadi.

#36 Baba Mapacha
Mrejesho. Leo Jumamosi tumekwenda yadi moja Kinondoni. Prado: mama ameshika mpini, ameangalia kidaraja, ameniangalia mimi, akasema "hii ni ya kupandia mbegu za kahawa". Delica: amepanda kwa kusaidiwa, akasema sawa. Alphard: mlango umefunguka wenyewe, ameingia, amekaa siti ya katikati, amekataa kushuka. Muuzaji ameleta maji ya kunywa.

Ile Delica, nimemuuliza muuzaji habari za DPF. Akacheka, akasema "hiyo tumeshaitoa bosi, usiwe na wasiwasi".

#37 Fundi Nozeli
Ameitoa, na kompyuta ya gari ameiambia? Kama hajaiambia, itakuwa inamwaga dizeli ya kuchomea kitu ambacho hakipo. Usilipe hata senti. Nipeleke Jumatatu asubuhi kabla hawajaiwasha, niione ikiwaka baridi.

#38 Mzee wa Barabara ya Arusha
Mama amekaa kwenye petroli siku moja tu. Mpeleke Rombo na Alphard kisha umuulize pale Mashati kwenye udongo mvua ikinyesha.

#39 Baba Mapacha
Mzee, nimemwambia hivyo hivyo. Amesema atashuka atembee, magoti yamepona.

Shemeji hapokei simu tangu jana.

#40 Kijana wa Tegeta
Mkuu, IST unaiuza bei gani?

#41 Mtoto wa Bandarini
Na kilomita zake ni za kweli?